Ua wa kuku wa kuingia wima: nguzo za miti, chuma cha kuchomelewa, au fremu ya boksi?

Mtu anayefuga kuku kumi au kumi na wawili nyuma ya nyumba hapa Zanzibar, iwe Fuoni, Jambiani au Wete, hufika siku akachoka kuinama. Hutafuta mayai kwa magoti, humshika kuku mgonjwa kwa kuingiza mkono hadi bega katika mlango wa tundu, na kila baada ya miezi 3, chanjo ya kideri inapotakiwa kutiwa tone moja katika jicho la kila kuku, hutumia asubuhi nzima kukimbizana nao. Hapo ndipo anapotamani ua wa kuku, yaani eneo lililozungushiwa wavu pande zote na juu, lenye kimo cha mita 2, ambamo mtu huingia wima na ndoo yake ya maji mkononi. Swali linalofuata naulizwa na jamaa na majirani karibu kila mwaka: nijenge kwa miti, nimpe kazi fundi wa kuchomelea, au ninunue ile fremu ya mabomba inayokuja ndani ya boksi?

Zote tatu tumezijaribu katika familia. Kwa mama yangu Mwera tulijenga kwa miti, kwangu Fuoni nina fremu ya chuma, na dada yangu Jambiani alinunua ya boksi. Ili ulinganisho uwe wa haki, nitazungumzia ua wa kipimo kimoja, mita 3 kwa mita 4, ambao unawatosha kuku 12 kwa kiwango cha mita moja ya mraba kwa kila kuku. Mahali pa kulala ni hesabu nyingine, kwa kuwa kuku akishapanda juu ya mti wake usiku hahitaji zaidi ya sentimita 20 za urefu.

Kabla ya nguzo, ardhi

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya vifaa. Mimi ningeanza kwa kuchukua sururu na kupiga chini mahali ua utakapokaa. Upande wa magharibi na katikati ya Unguja, kuanzia Mwera hadi Dole na Kizimbani, udongo ni wa kina na shimo la sentimita 60 huchimbwa kwa muda mfupi. Ukivuka kwenda mashariki na kusini, Paje, Jambiani, Makunduchi, umeingia maweni: udongo ni wa kuchota kwa kiganja, na chini yake ni jiwe la matumbawe. Fundi tuliyemwita Jambiani alipiga mtaimbo mara tatu, akasikiliza mlio, akasema, "Mama, hapa shimo halichimbwi, linatinduliwa." Alikuwa amesema kweli, kwa sababu shimo moja lilimchukua nusu siku, na ua wa miti wa kipimo hiki unataka nguzo 8.

Pemba ina habari yake. Ardhi yake ni ya vilima na udongo mzito, mvua zake ni nyingi kuliko za Unguja, na shimo linalochimbwa kwa urahisi ndilo hilo linalojaa maji wakati wa masika. Huko nguzo haisumbuki kuingia, bali husumbuka kubaki wima, kwa hiyo ua uwekwe juu ya mteremko na mfereji uchimbwe upande wa juu ili maji yapite kando. Ua uliowekwa bondeni kwa sababu pana kivuli huwa tope tupu kufika Aprili, na kuku wanaokanyaga tope kwa wiki kadhaa hupata vidonda vya miguu.

Nguzo za miti

Kwa mwenye udongo wa kina na asiye na fedha nyingi za kutoa kwa mkupuo, miti bado ndiyo njia ninayoiheshimu kuliko zote. Mvinje unapatikana kwa urahisi, umenyooka, ni mgumu na unashika msumari. Adui yake ni mchwa. Sehemu iliyo juu hukaa miaka, lakini pale mti unapokutana na ardhi, vidole vinne chini ya usawa wake na vinne juu, ndipo unapoliwa. Nguzo zetu za kwanza Mwera tulizifukia zikiwa mbichi na maganda yake, na baada ya masika ya pili zilianza kuyumba. Niliposukuma moja kwa kiganja ilikatika usawa wa ardhi, na ndani yake hapakuwa na mti tena: palikuwa na udongo mkavu uliojengwa na mchwa kufuata umbo lile lile la nguzo, hata mafundo yake.

Tulipojenga upya tulizimenya maganda siku ile ile zilipofika, tukazianika kivulini kwa wiki sita, tukazipaka lami sehemu ya kufukiwa na shubiri moja juu ya usawa wa ardhi, na kila shimo tukalitandika mawe chini ili maji yasisimame kwenye kitako cha nguzo. Hizo bado zimesimama. Mafundi wengi hupendekeza oili chafu ya gari badala ya lami, kwa kuwa hupatikana bure. Siikubali ndani ya ua wa kuku. Kuku huoga vumbi chini ya nguzo na hudonoa kila kitu, na oili iliyokwisha kutumika ina mabaki ya metali ambayo hakuna anayependa yaishie kwenye yai.

Juu ya mikoko nitasema kwa uwazi. Boriti za mikoko zimebeba dari za Mji Mkongwe kwa vizazi, na hakuna anayebishana juu ya ubora wa mkandaa au muia. Lakini misitu hii inasimamiwa na Sheria namba 10 ya mwaka 1996 ya misitu ya Zanzibar, na mzigo wa fito unaoshushwa alfajiri bila karatasi yoyote hauna maelezo ya ulikotoka. Mikoko ndiyo inayolea vidagaa na kaa wa ghuba zetu, na ndiyo inayozuia bahari isile fukwe. Kuikata kwa ajili ya kuku 12, wakati mvinje uliopandwa upo, ni jambo ambalo siwezi kumshauri mtu yeyote.

Upande wa kazi, miti ndiyo inayosamehe makosa. Nguzo ikiwa imepinda, wavu huifuata. Kipimo kikizidi kidogo, msumeno hukimaliza. Nguzo iwe na urefu wa mita 2 na sentimita 60, ili sentimita 60 zizame ardhini, na ikishashindiliwa iachwe siku mbili tatu kabla ya kuvutiwa wavu, kwa sababu wavu uliovutwa kwenye nguzo ambayo haijatulia huilaza ndani na hautanyooka tena.

Fremu ya boksi

Fremu hizi huja kama mabomba membamba yaliyopakwa zinki, viungo vya pembe, bolti, kiasi fulani cha wavu wa matundu ya pembe sita, na mara nyingi kipande cha turubai cha kufunika sehemu ya juu. Vipimo vyake ni vya kawaida, na mita 3 kwa 4 kwa 2 ni kimojawapo kinachopatikana sana. Watu wawili wenye spana mbili huusimamisha kwa siku moja, hauhitaji shimo wala saruji, na mpangaji anayehama nyumba anaweza kuufungua akaondoka nao. Kwa dada yangu, ambaye mawe ya Jambiani yalimkatalia nguzo, hiyo ilikuwa sababu ya kutosha.

Kuuunganisha kunataka subira zaidi ya nguvu. Paa linaungwa kwanza likiwa chini, kisha linanyanyuliwa upande mmoja mmoja na kutiwa miguu. Bolti zote zikazwe kwa vidole tu mpaka fremu yote isimame, na hapo ndipo mraba wake upimwe kwa kamba kutoka pembe hadi pembe: ua wa mita 3 kwa 4 ulio sawa lazima utoe mita 5 kamili kwa mshazari, pande zote mbili. Sisi tulikaza mapema. Mshazari mmoja ulikuwa umezidi mwenzake kwa upana wa kiganja, mlango ukakataa kufunga, na tukalegeza bolti zote na kuanza tena juani saa saba mchana.

Ila udhaifu wake ni wa kweli, na kwetu visiwani unazidi. Mabomba ni membamba, zinki yake ni nyepesi, na hewa ya pwani ya mashariki ina chumvi mwaka mzima. Kutu ilianza katika tundu za bolti, mahali ambapo zinki ilitobolewa kiwandani, na ndani ya mwaka mmoja michirizi myekundu ilikuwa imeshuka chini ya kila kiungo. Yule anayeinunua aipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuiunga, ndani ya tundu hizo hasa, na abadilishe vibano vya plastiki vya kufungia wavu kwa waya wa kufungia wa zinki, kwani plastiki hukauka kwa jua na kuvunjika yenyewe.

Upepo pia. Fremu nyepesi yenye turubai juu ni tanga. Kusi linapovuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti huunyanyua mguu wa upande mmoja, na vile vigingi vya waya vinavyokuja na boksi havina pa kushika maweni. Dada yangu sasa amefunga kila mguu kwenye tofali la saruji lililolazwa chini, na Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania mwezi wa Mei 2024 alilivua turubai mapema na kuliacha paa likiwa wavu mtupu. Ua haukusogea.

Chuma cha kuchomelewa

Hii ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo inayodumu, kwa sharti la rangi. Fundi hukata mabomba ya mraba, huyachomelea vipande vya ukuta karakana kwake, kisha huvileta na kuviunga kwa bolti mahali pake, jambo ambalo ningemsihi kila mtu alidai, kwa sababu ua uliochomelewa wote kwa pamoja hauwezi kuhamishwa wala kupitishwa mlango wa uani. Ukae juu ya msingi mwembamba wa matofali, mstari mmoja au miwili, ili chuma kisiguse udongo kabisa. Mahali palipopita moto wa kuchomelea zinki imeungua, kwa hiyo kila kiungo kisuguliwe kwa brashi ya waya na kipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Fundi akikuletea ua uliokwisha kupakwa rangi inayong'aa, muulize chini yake kuna nini. Zaidi ya hapo sina la kuongeza: kwangu Fuoni, mbali kidogo na bahari, kazi yake ni kuugusa rangi mara moja kwa mwaka.

Wavu ndio ua

Yote niliyoyasema juu ya fremu ni mepesi mbele ya suala la wavu. Hakuna mnyama anayekula nguzo ili amfikie kuku. Ngawa, cheche, paka wa mwituni, mbwa, kenge na chatu wote hushughulika na wavu, na karibu wote huanzia chini.

Wavu wa matundu ya pembe sita, ambao ndio watu wengi huita wavu wa kuku, umetengenezwa kwa nyuzi za waya zilizosokotwa. Ni mwepesi, hukunjika kwa mkono na bei yake ni nafuu. Unafaa kumzuia kuku asitoke. Kumzuia adui asiingie ni kazi nyingine, na hapo ndipo tulipopata hasara Jambiani. Asubuhi moja dada yangu alikuta kuku watano wamekufa na mmoja hana kichwa, ua umefungwa, mlango na komeo lake. Nilipofika nilipiga magoti nikapitisha vidole chini ya ukingo. Mstari wote ambapo wavu uligusa ardhi ulikuwa umegeuka rangi ya mdalasini, na nyuzi zilikatika kwa kubanwa kwa kucha mbili. Uzi mmoja ukikatika, msokoto wa jirani yake hulegea, na mnyama mwenye kichwa kidogo hana haja ya kuchimba. Mwenye duka lililouza wavu ule alikuwa amemhakikishia kwamba haushiki kutu.

Wavu wa miraba uliochomelewa, wa tundu la nusu inchi, ni mzito na bei yake iko juu, lakini uzi wake ni mnene na kila makutano yameshikana, hivyo kukatika kwa uzi mmoja hakufungui jirani yake. Mdogo wa kenge hapiti, panya mkubwa hapiti, na kuku aliyelala karibu na ukuta hawezi kukamatwa mguu au kichwa kwa nje. Kwenye kuununua kuna jambo moja la kutazama kwa karibu: makutano ya nyuzi. Kama yamefunikwa na matone ya zinki yaliyoganda, wavu ulichomelewa kwanza kisha ukazamishwa ndani ya zinki, na huo ndio wa kuchukua. Kama makutano ni makavu na yana alama nyeusi za moto, waya ulipakwa zinki kabla, moto ukaiunguza, na kutu itaanzia papo hapo.

Si lazima kuununua kwa ua mzima. Kwa kipimo chetu mzunguko ni mita 14. Chukua bunda moja la mita 30 la wavu wa miraba lenye upana wa sentimita 90, uzungushe chini pande zote, mlango ukiwemo. Hiyo ni mita 14. Kata mita 8 nyingine, uzipasue katikati kwa urefu, upate mita 16 za upana wa sentimita 45, na hizo zilazwe chini kwa nje kama upindo wa nguo, zikifungwa kwa waya kwenye wavu wa ukuta na kukandamizwa kwa mawe. Mnyama anayechimba huanza kwenye kitako cha ukuta, akikuta wavu hurudi, hana akili ya kurudi nyuma nusu mita. Maweni, ambako huwezi kufukia wavu, upindo huu ndio njia pekee, na mawe ya kuukandamizia yako kila upande. Sehemu ya juu ya ukuta pamoja na paa zinatosheka na wavu wa pembe sita wa upana wa mita 1 na sentimita 20: mita 14 kwa ukuta, mita 12 kwa paa, na bunda moja la mita 30 hubakisha kipande cha kuzibia viraka. Mahali nyavu mbili zinapokutana zipishane sentimita 10 na zifungwe kwa waya kila shubiri.

Juu

Usiuache ua wazi juu kwa kudhani kuku wako hawaruki. Kunguru wa mjini, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuenea visiwa vyote tangu hapo, huchukua vifaranga na mayai mchana kweupe, na mwewe hahitaji kuelezwa. Badala ya wavu wa waya, nyavu chakavu za kuvulia hutumika sana na ni bure au karibu na bure, lakini si zote: jarife lina macho makubwa na kunguru hupita, na wavu wa dagaa hukusanya majani, ukalowa, ukalegea hadi kichwani. Wavu wa macho ya inchi mbili ndio unaokaa sawa, japo jua huula na utabadilishwa.

Theluthi moja ya paa iwe na kivuli cha kweli. Makuti ni baridi zaidi kuliko bati, na kuku wanaotweta kwa midomo wazi mwezi wa Februari watakuonyesha tofauti hiyo bila kipimo chochote. Ila makuti hulaza panya na utitiri, na kwenye fremu ya boksi ni mazito mno. Bati, kwa hiyo, liwe la fremu ya chuma, liinuliwe shubiri mbili juu ya wavu ili joto litoke. Juu ya nguzo za miti weka makuti ya viungo bila wasiwasi, na upande wa kusini simamisha makumba mawili matatu ya kukinga upepo.

Mlango uwe na upana wa sentimita 80, ili toroli la mbolea lipite, na ufunguke kwa ndani, kwa sababu kuku wakikusikia na ndoo hujazana mlangoni na mlango unaofunguka nje huwatoa wote. Komeo liwe mawili, la juu na la chini, kwani mlango uliofungwa katikati tu huachia uwazi chini unaomtosha cheche.

Kuhusu msimu, mwenye miti aanze mwezi wa Juni, mvua zikiisha, ili nguzo zikauke na kukaa kabla ya vuli. Mwenye chuma na mwenye boksi anaweza kuanza hata Januari, mradi rangi ikauke na matofali yakae wiki moja yakimwagiwa maji. Pemba nisingesubiri hadi Februari kwa aina yoyote ile, kwa sababu mvua za kwanza zikikukuta na mfereji haujachimbwa, kazi ya kuuchimba utaifanya ukiwa umesimama ndani ya tope pamoja na kuku.